Kuokoa Mechi Ambayo Haikuwa Hatarini

Oktoba 4, 2016, mjini Toronto, Zack Britton, mrushaji wa timu ya besiboli ya Baltimore Orioles, alisubiri kuitwa arushe mpira. Hakuitwa. Msimu ule alipewa nafasi 47 za kuokoa mechi, akaziokoa zote. Lakini timu zilikuwa sare, 2–2, naye alikuwa akihifadhiwa kwa ajili ya uongozi ambao haukuja. Awamu ya 11 Ubaldo Jiménez ndiye aliyerusha, Edwin Encarnación wa Toronto akaupiga mpira ukavuka ukuta, na msimu wa Orioles ukaishia hapo.

Takwimu ya mechi zilizookolewa, iliyobuniwa na mwandishi wa habari Jerome Holtzman wa Chicago na kufanywa rasmi mwaka 1969, ndiyo iliyowazoesha makocha hivyo. Ukiingia awamu ya 9 timu yako ikiwa mbele kwa pointi 3, ukamaliza kazi, umeokoa mechi. Kuokoa gani huko? Timu iliyo katika hali hiyo hushinda zaidi ya mara 95 katika 100. Aliyeingia awamu ya 7 mambo yakiwa sare, vituo vyote vimejaa wakimbiaji, akauzima moto, haandikiwi kuokoa.

Ndipo wanatakwimu wakarudi kwenye kumbukumbu za maelfu ya mechi, wakakokotoa uwezekano wa kushinda katika kila hali. Mrushaji akiikuta timu ina asilimia 60 na kuiacha na 90, anapewa hizo 30. Tom Tango akaongeza kipimo cha uzito wa hali yenyewe: hali ya kawaida ni 1, na kadiri mechi inavyokaza, namba inapanda.

Kwa kuokoa tu, warushaji Mariano Rivera (652) na Trevor Hoffman (601) wanakaribiana. Linganisha pointi walizoruhusu na wastani wa zama na viwanja vyao, ambao ni 100, na namba kubwa ndiyo bora: Hoffman ana 141, Rivera 205. Billy Wagner, aliyeokoa 422 tu, ana 187, ila alirusha awamu 903, chache mno. Hata hivyo, kumsubirisha hadi 2025, nafasi yake ya mwisho kabisa, ili aingie Ukumbi wa Magwiji, naona ni kumwonea.

Uchache huo wa awamu unamgusa hata Rivera. Mike Mussina, mrushaji wa kuanza aliyecheza naye Yankees, alirusha zaidi ya awamu 3,500 dhidi ya 1,283 za mwenzake, na kwa makadirio ya ushindi aliouletea timu zake anamzidi kwa zaidi ya mechi 25. Wote wawili walichaguliwa kuingia Ukumbi huo 2019: Rivera kwa kura zote 425, Mussina kwa asilimia 76.7, akiwa katika mwaka wake wa sita wa kupigiwa kura.