Kioo cha Daktari wa Meno

Wajukuu zangu, leo Sungura na Fisi wapumzike. Nina habari za mtu wa kweli, Bwana Manuel García, Mhispania aliyezaliwa mwaka 1805 katika ukoo wa waimbaji. Baba aliimba, mama aliimba, na dada zake wawili, Maria na Pauline, walivuma Ulaya nzima. Yeye mwenyewe jukwaani hakufika mbali, akaamua kufundisha. Na mwalimu wa kuimba ana taabu asiyokuwa nayo mwalimu wa ngoma: chombo anachokifundisha hakionekani. Mpiga zeze akikosea utamshika kidole umwoneshe. Mwimbaji utamshika wapi?

Matabibu walikuwa wamekwisha kupasua maiti na kulichunguza zoloto, yaani kile kiungo cha kooni kinachotoa sauti. Lakini zoloto la maiti haliimbi. García alitaka kuliona likiwa kazini.

Mwaka 1854, akiwa likizoni Paris, alikuwa akitembea barabarani, jua linamulika vioo vya madirisha. Wazo likamjia papo hapo. Akaenda haraka kwa muuza vifaa vya matibabu, akanunua kioo kidogo chenye mpini mrefu, cha daktari wa meno, kwa faranga 6. Kufika nyumbani akakichovya kwenye maji ya moto, maana kioo cha baridi kikipuliziwa pumzi hufanya ukungu. Akakikausha, akakipachika nyuma kabisa ya kinywa, pale kwenye kimio, kile kinyama kinachoning'inia. Kwa mkono wa pili akashika kioo cha kawaida, akanasa mwanga wa jua, akauelekeza kooni. Akaona! Mwaka uliofuata alichokiona kikasomwa mbele ya wanasayansi wa Royal Society mjini London.

Aliona nini basi? Mikunjo miwili myeupe, imeungana mbele na kuachana nyuma, mfano wa herufi V. Akivuta pumzi, mikunjo inapanuka. Akitoa sauti, inakutana na kutetemeka. Hizo ndizo mnazoambiwa darasani kuwa nyuzi za sauti, ingawa msidhani zimetandazwa kama nyuzi za gita: ni mikunjo ya nyama laini, ndani yake mna msuli.

Sasa wekeni vidole kooni. Hapo pagumu ni gegedu kubwa la zoloto, lenye mabapa mawili yaliyokutana mbele. Kwa wanaume wazima huchomoza, ndicho kikoromeo. Mezeni mate. Mmeona lilivyopanda? Chini yake kuna gegedu jingine, duara kamili la pete, na mgongoni mwa pete hiyo wamekaa wadogo wawili wenye pembe tatu. Hao wadogo ndio wenye kazi: wanavutwa na misuli huku na huku, nao wanaifunga mikunjo na kuifungua. Juu ya mikunjo ya sauti kuna jozi nyingine ya mikunjo, ambayo kwa kawaida haisemi kitu. Na juu kabisa kuna kidakatonge.

Msichotarajia ni hiki: kazi ya kwanza ya zoloto si kusema. Ni bawabu wa mapafu. Njia ya hewa iko mbele, umio wa chakula uko nyuma yake, na mlango wa kuingilia ni mmoja. Kila mnapomeza, zoloto hupanda, kidakatonge huinama, na jozi zote mbili za mikunjo hujifunga. Ukicheka na tonge mdomoni, bawabu anakutwa amefungua wakati hakupaswa, unapaliwa, unakohoa mpaka machozi. Kikohozi hicho nacho ni kazi yake: mikunjo hufunga kabisa, hewa hujaa kifuani kwa nguvu, kisha hufunguka ghafla na kulitupa nje lililoingia. Hata unapoinua dumu la maji la lita 20 na kuguna, ni mikunjo hiyohiyo imefunga hewa ili kifua kisilegee.

Sauti inakuja juu ya kazi hizo. Pumzi kutoka mapafuni inaisukuma mikunjo iliyokutana, inaachana, inarudi, inasukumwa tena. Kwa mtoto ni kama mara 300 kwa sekunde, kwa mwanamke mara 200 hivi, kwa mwanamume karibu 100. Jaribuni: vidole kooni, semeni "zzzz". Sasa "ssss". Kwenye "z" koo linatetemeka, kwenye "s" limetulia, na ulimi haujahama. Kaka zenu wanapobalehe zoloto lao hukua haraka, mikunjo ikirefuka na kunenepa hutetemeka polepole, ndiyo maana sauti inakuwa nzito, na katikati ya safari hiyo inakwaruza. Msiwacheke sana. Mikunjo ya mwanamume mzima ni ya kama sentimita 2 tu, ya mwanamke hupungua kidogo hapo.

Amri ya kuisogeza mikunjo hutoka kwenye ubongo, lakini mshipa wa fahamu unaoileta una ukaidi wake. Hauendi moja kwa moja. Unapita koo, unashuka hadi kifuani, unazunguka mshipa mkubwa wa damu, ndipo unapanda tena kurudi kwenye zoloto. Kwa twiga, safari hiyo ya kwenda na kurudi inapita mita 4, wakati zoloto lenyewe liko karibu kabisa na kichwa!

García alifundisha miaka mingi, akafariki mwaka 1906 akiwa na umri wa miaka 101. Mwaka 1841 alimpokea Jenny Lind, mwimbaji kijana kutoka Sweden aliyekuja na sauti iliyochakaa kwa kuimbishwa kupita kiasi. Hakumpa somo. Alimwamuru kwanza aipumzishe sauti kwa majuma kadhaa. Ilirudi, na akawa miongoni mwa waimbaji waliosifika mno duniani.

Basi mkishangilia mpira mpaka sauti ikakauka, nyamazeni siku mbili tatu na mnywe maji ya kutosha. Na sauti ikikwaruza zaidi ya wiki 3, mwambieni mama au baba awapeleke hospitali. Siku hizi daktari ana kamera nyembamba yenye taa yake. Hahitaji kungoja jua.