Mkataba Uliozikwa Katika Vita vya Avengers

Filamu ya Captain America: Civil War, iliyoongozwa na ndugu wawili, Anthony na Joe Russo, na kutolewa na Marvel mwaka 2016, inasimulia jinsi Avengers, yaani kundi la mashujaa wenye nguvu zipitazo za binadamu, wanavyofarakana kwa sababu ya waraka wa kisheria, jambo la nadra katika filamu za aina hii ambazo kwa kawaida huagiza maadui wake kutoka sayari nyingine. Waraka huo unaitwa Makubaliano ya Sokovia, kwa jina la nchi ya kubuni ya Ulaya ya Mashariki ambayo mji wake uliangamia katika filamu iliyotoka mwaka mmoja kabla, na unawataka mashujaa waache kujiamulia wapigane wapi na na nani, wawe chini ya jopo la Umoja wa Mataifa, kwa ridhaa ya nchi 117.

Kinachovutia ni kwamba kila mmoja wa wakuu wawili wa kundi hilo anajikuta upande ambao hakutarajiwa kuushika. Tony Stark, tajiri aliyewahi kuwadhihaki hadharani maseneta wa Marekani waliomtaka aikabidhi serikali deraya yake ya Iron Man, ndiye anayetetea udhibiti, baada ya kukabiliwa na mama aliyefiwa na mwanawe huko Sokovia. Na Steve Rogers, yule Captain America aliyetengenezwa na jeshi ili awe askari mtiifu, ndiye anayekataa kutia saini, kwa kuwa amekwisha kuona shirika la usalama alilolitumikia likitekwa na maadui kutoka ndani. Hakuna kati yao anayesema upuuzi, na kwa muda wa saa nzima hivi filamu inawaacha wabishane kama watu wazima.

Chanzo chake ni kitabu cha katuni cha mwaka 2006 na 2007, kilichoandikwa na Mark Millar na kuchorwa na Steve McNiven, ambamo serikali ya Marekani inawataka mashujaa wajisajili na kufichua majina yao halisi, na wasomaji wengi wakaihusisha hadithi hiyo na mijadala ya nchi hiyo kuhusu usalama na uhuru baada ya mashambulizi ya Septemba 2001. Kwa kuwa katika filamu sura za wengi wao zinajulikana tayari, waandishi wa mswada, Christopher Markus na Stephen McFeely, waliliacha suala la usiri wakashika la mamlaka: mwenye nguvu anapokosea, ni nani wa kumwajibisha?

Swali hilo linazuka Lagos. Wanda Maximoff, akijaribu kuzuia mlipuko usiwaue watu sokoni, anaurusha juu na unalipasua jengo lililokuwa na watu, wakiwamo raia wa Wakanda, taifa la Kiafrika la kubuni, waliokuwa katika kazi ya misaada. Tazama lakini yanayofuata: mfalme wa Wakanda anakwenda Vienna kuwasemea wafu wake, ilhali Nigeria, nchi halisi ambako watu walikufa, haipewi msemaji anayekumbukwa. Filamu inayodai kuhesabu gharama ya ushujaa imeitumia Lagos, ambayo sehemu kubwa yake iliigizwa Atlanta, kuwa uwanja tu wa maafa.

Mfalme huyo, T'Chaka, aliyeigizwa na John Kani wa Afrika Kusini, anazungumza na mwanawe kwa Kixhosa, lugha ambayo Kani mwenyewe aliipendekeza, kisha anauawa kwa bomu katika hafla ya kutia saini. Lawama inamwangukia Bucky Barnes, rafiki wa Rogers tangu utotoni, na kuanzia hapo hoja ya sheria inaanza kupauka. Pambano la uwanja wa ndege wa Leipzig, sita kwa sita, limesanifiwa kwa ustadi na limejaa utani, lakini wapiganaji karibu wote wanazuia mikono yao, na anayeumia vibaya, James Rhodes, anaangushwa kwa shabaha iliyokosewa na mwenzake wa upande uleule.

Huko Siberia ubishi unakwisha kabisa, kwa maana Zemo, mwanajeshi wa Sokovia aliyepoteza familia yake, anamwonyesha Stark picha za mwaka 1991 za Bucky akiwaua wazazi wa Stark huyo, na watu waliokuwa wakijadili utawala sasa wanapigana juu ya msiba na siri iliyofichwa na rafiki. Kama tamthilia ya huzuni, mageuzi hayo yana nguvu. Kama mjadala, ni kukimbia. Anayebaki na hoja ni T'Challa, mwana wa T'Chaka, aliyeigizwa na Chadwick Boseman, ambaye baada ya kumwinda Bucky, asiye na hatia ya bomu lile, anampata muuaji halisi, Zemo, na badala ya kumuua anamzuia hata asijiue, ili ajibu mbele ya sheria.

Filamu hiyo iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.1. Makubaliano yenyewe yalibaki pembeni katika hadithi zilizofuata, hadi mwaka 2022, katika tamthilia ya vichekesho ya She-Hulk, wakili mmoja alipotaja kwa kupitia tu kwamba yalikwisha kufutwa.