Sura za Bandia Katika Sinema

Wasikilizaji wetu, nanyi mtakaoyasoma maneno haya kitabuni, leo twapenda kuwaelezeni kazi ya mafundi wasioonekana, yaani wale wabadilio sura za wachezaji wa sinema. Sisi wa Kabungu twaipenda sana kazi hii, tena tuna sababu ya kuipima kwa haki. Magharibi yetu, katika misitu ya Ntakata, wamo sokwe hai. Na mojawapo ya sura zilizosifiwa sana katika ufundi huu ni sura ya sokwe.

Mwaka 1968 ilitolewa Marekani sinema iitwayo Planet of the Apes. Habari yake ni ya nchi inayotawaliwa na sokwe wavaao nguo na kusema, nao huwafungia watu vizimbani. Mtu akiiona mara ya kwanza aweza kudhani ya kuwa ni wanyama waliofundishwa, au kwamba ni uchawi. Sivyo. Ni watu, na sura zao ni za mpira.

Mkuu wa mafundi wake alikuwa John Chambers. Kazi yenyewe huenda hivi. Kwanza uso wa mchezaji hupakwa dawa laini igandayo upesi, naye huachiwa nafasi ya kupumua. Ikiisha kuganda huondolewa, ikawa kalibu. Ndani yake humiminwa plasta, ikatoka sanamu ya uso ule. Juu ya sanamu fundi hufinyanga kwa udongo paji, pua na midomo ya sokwe, kama mfinyanzi afinyangavyo chungu. Kisha hufanya kalibu ya pili, na mahali palipokuwa na udongo hujazwa mpira uliopigwa hata ukafanya povu. Mpira huo huokwa tanurini, ukatoka mwepesi na laini kama sifongo.

Chambers hakuwavisha wachezaji wake wakuu kinyago kizima. Aliwabandika vipande vipande kwa gundi, ili mtu akikunja uso mpira nao ukunjike. Kazi hiyo ilichukua saa kadhaa kila siku. Wachezaji walikula wakijitazama katika kioo, wakanywa kwa mrija. Roddy McDowall, aliyekuwa sokwe Cornelius, aliwashauri wenzake watikise nyuso zao kila mara, maana uso usiotikisika hujulikana upesi kuwa ni wa bandia.

Walakini jicho huwafichua. Kwa kawaida jicho la sokwe ni la rangi nzito pande zote, weupe wake hauonekani sana. Bali macho ya wachezaji yana weupe wa kibinadamu. Hata hivyo twamhurumia Cornelius, labda kwa ajili ya macho hayo hayo.

Mwaka 1969 Chambers alipewa tuzo ya heshima ya Oscar. Fundi mwingine, Rick Baker, ndiye aliyefanya masokwe ya bandia katika Gorillas in the Mist ya mwaka 1988, iliyopigwa katika milima ya Rwanda. Humo sokwe wa kweli wamechanganywa na watu waliovaa ngozi za bandia, hata ni vigumu kuwatenga.

Kazi hii ina hatari yake. Mwaka 1938, sinema ya The Wizard of Oz ilipokuwa ikitengenezwa, mchezaji Buddy Ebsen alipakwa unga wa alumini ili aonekane mtu wa bati. Unga ulimwingia mapafuni, akalazwa hospitali, na mahali pake akawekwa Jack Haley. Huyo alipakwa alumini iliyochanganywa ikawa kama uji mzito, isipeperuke.

Tena kazi hii ina rehema. Kabla ya kuingia katika sinema, Chambers alifanya kazi katika hospitali ya askari waliojeruhiwa vitani, akiwatengenezea pua na masikio ya bandia. Mtu aliyepotewa na pua huona haya kutoka nje. Akipata nyingine ifananayo na ngozi yake, aweza kwenda sokoni na kusalimiana na watu. Mikono iliyojifunza hivyo kuwarudishia watu sura zao ndiyo iliyofanya baadaye nyuso za sokwe.

Basi, mkitazama sinema ya kutisha pamoja na watoto, waambieni ya kuwa zimwi lile ni udongo, mpira na gundi, na ndani yake yumo mtu aliyechoka. Na mwanafunzi atakaye ufundi huu na aanze kwa kufinyanga udongo na kuchunguza nyuso, wala asijipake usoni rangi asiyoijua.