Kidole tumbo kwa watoto: Kinywa kinahusikaje?

Katika nyumba nyingi za pwani yetu ya Kusini, kuanzia Somanga na Kilwa hadi Lindi mjini, mtoto akilalamika tumbo jambo la kwanza kutajwa ni chango au minyoo. Mara nyingi huwa ni kweli. Hofu yetu ni kwa yule mmoja ambaye tumbo lake si chango bali ni kidole tumbo, naye anakaa nyumbani siku mbili akinyweshwa sanamaki.

Kidole tumbo ni kijifuko chembamba kinachoning'inia mwanzoni mwa utumbo mpana, upande wa kulia chini ya kitovu. Kina mlango mmoja tu. Mlango huo ukizibwa, kwa kinyesi kilichoganda au tezi zilizovimba, bakteria huzaliana ndani, kijifuko huvimba na kujaa usaha, na kikiachwa hupasuka. Wengi wetu tumekua tukiambiwa kuwa chanzo ni mbegu za mapera na mchanga wa kwenye wali, lakini madaktari wanapokitoa na kukichunguza ni mara chache sana hukuta vitu hivyo.

Sasa bakteria hao wanatoka wapi? Mwaka 2011 watafiti wa hospitali ya Charité mjini Berlin, Ujerumani, walieleza kuwa ndani ya kuta za vidole tumbo vilivyovimba walikuta bakteria waitwao fusobakteria, na kadiri ugonjwa ulivyokuwa mkali ndivyo walivyokuwa wengi. Makazi ya bakteria hao yanayojulikana zaidi ni ukoga wa meno na fizi zinazotoa damu. Mwaka 2018 watafiti wengine wa Ujerumani waliwachunguza watoto, nao wakakuta katika vidole tumbo vyao bakteria wa aina zinazoishi kinywani. Njia yenyewe haina siri. Mtu mzima humeza mate yanayokaribia lita 1 kwa siku, na yaliyomo kinywani huteremka nayo. Wengi hufa kwa tindikali ya tumboni, wachache huvuka.

Lakini asitokee mtu akatangaza msikitini kwamba mswaki ni kinga ya kidole tumbo. Hilo halijathibitishwa. Inawezekana bakteria hao huvamia baada ya uvimbe kuanza kwa sababu nyingine. Daktari Denis Burkitt, aliyefanya kazi Uganda tangu 1946 hadi miaka ya 1960, aliona maradhi haya ni nadra vijijini, na mwaka 1971 aliandika kuwa chakula kilichokobolewa, kisicho na makapi, ndicho cha kulaumiwa. Nalo hilo bado linajadiliwa, ingawa dona na mboga za majani hazijamdhuru mtoto yeyote.

Mswaki una sababu zake nyingine za kutosha, nasi Waislamu hatuhitaji kusubiri Berlin. Mtoto anayefundishwa kutawadha afundishwe na mswaki, uwe wa mti au wa dukani wenye dawa ya floridi. Chini ya miaka 7 mkono wake haujaweza kusugua vizuri, hivyo mzazi amsaidie. Na katika Ramadhani tuwe wakweli: ni watoto wangapi wanaokula daku na tende kisha wakarudi kulala bila kusukutua?

Tuje kwenye tumbo lenyewe. Kwa kawaida maumivu huanza karibu na kitovu, kisha baada ya saa kadhaa huhamia chini kulia na kubaki hapo. Mtoto hukataa chakula, hutapika, hupata homa kidogo. Hutembea ameinama, na ukimwambia arukeruke hataki. Mdogo wa chini ya miaka 5 hawezi kueleza, pengine huharisha, na ndiyo maana wengi wa umri huo hufikishwa hospitali kikiwa kimeshapasuka. Mzazi usidanganyike na maumivu yanayopungua ghafla kisha tumbo zima likawa gumu. Hiyo si nafuu. Kimepasuka, na usaha unasambaa.

Kwa hiyo tumbo la namna hii lisichuliwe, wala mtoto asipewe sanamaki, mafuta ya nyonyo au dawa yoyote ya kuharisha. Sanamaki ina nafasi yake, si hapa. Dawa hizo huusukuma utumbo kwa nguvu na huweza kuharakisha kupasuka. Hatari ya kupasuka huongezeka kadiri saa zinavyopita, hasa baada ya siku moja na nusu, na huku kwetu saa huliwa na safari. Mtoto wa Songo Songo lazima avushwe kwa boti. Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam na Lindi ilikatika eneo la Somanga. Anayesubiri asubuhi aangalie kwanza bahari na mvua.

Mpelekeni Kinyonga, Kilwa Kivinje, au Sokoine, Lindi, au kituo kilicho karibu ili apewe rufaa. Njiani asilishwe, kwa kuwa huenda akapasuliwa siku hiyo hiyo. Mwelezeni daktari saa maumivu yalipoanza, yalianzia wapi na yamehamia wapi, na kila alichonyweshwa nyumbani, hata kama ni kombe.