Koki Inayovuja Nyumbani ni Amana Inayopotea

Ijumaa moja katikati ya kiangazi nilisimama mbele ya jamaa, baada ya Swala, nikiwa na ankara ya maji ya msikiti mkononi. Kama ilivyo kazi ya katibu, nilisoma kiasi kinachodaiwa na nikaiomba kila familia ichangie kwa uwezo wake. Watu walipokwisha tawanyika, mtoto mmoja wa madrasa alinifuata. Baada ya salamu alininyooshea shilingi mia tano, akasema: “Ustadhi, bibi ameniagiza nikupe mchango wake. Tena anauliza, ile koki ya mwisho upande wa kina mama imeshatengenezwa? Amesema yeye hana uwezo wa kuichangia ardhi.”

Nilizipokea fedha zile, lakini jibu la swali sikuwa nalo. Nilikwenda kuitazama koki yenyewe. Ilikuwa imefungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli, na chini yake udongo ulikuwa umelowa na kuota majani mabichi, katika msimu ambao Kibaigwa nzima ni vumbi. Nilirudi nyumbani nimeinama. Na hapo uani kwangu nikaikuta koki nyingine ikidondosha, na chini yake beseni. Mke wangu alikwishanieleza habari zake zaidi ya mara moja, nami kila mara nilimjibu kuwa nitamwita fundi.

Usiku ule niliweka ndoo tupu ya lita 10 chini ya koki yangu baada ya Swala ya Isha. Ilipoadhiniwa Alfajiri, ndoo ilikuwa imejaa. Hizo ni saa tisa hivi. Kwa mchana na usiku, basi, maji yaliyokuwa yakinipotea yalizidi lita 25, na kwa mwezi wa siku 30 yalizidi lita 750.

Ndugu msomaji, tuitazame hesabu hiyo kwa kipimo cha dini yetu. Imepokewa na Bukhari na Muslim, kutoka kwa Anas (r.a.), kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji. Mudi ni ujazo wa viganja viwili vya mtu wa wastani vilivyokutanishwa. Hata tukiikadiria kwa robo tatu ya lita, maji yaliyokuwa yakipotea uani kwangu kwa mwezi mmoja yangetosha udhu elfu moja. Huo ni udhu wa mtu mmoja, kwa Swala tano kila siku, kwa zaidi ya miezi sita. Mwenyezi Mungu ametukataza israfu katika Suratul-A‘raf, aya ya 31. Wengi wetu tukisikia israfu hufikiria sherehe za harusi na mavazi ya fahari. Tunasahau ile inayodondoka usiku kucha sisi tukiwa tumelala.

Mji wetu uko kando ya barabara kuu ya Dodoma na Morogoro, wilayani Kongwa, na unafahamika mbali kwa soko lake la mahindi. Lakini mvua yetu ni ya msimu mmoja, nao si mrefu. Kila mwanamke wa hapa aliyewahi kupanga foleni na madumu anaijua thamani ya ndoo moja kuliko anavyoijua katibu anayesoma ankara. Ndiyo maana swali lile lilitoka upande wa kina mama.

Basi nilikusudia kujifunza. Nilimwomba fundi wa mtaani anielekeze, mkono nikautia mwenyewe. Na wala hakuna aibu kwa mwanamume kushika spana nyumbani kwake. Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kuwa alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake, na wakati wa Swala ukifika hutoka kwenda kuswali. Imepokewa pia kwamba akishona viatu vyake mwenyewe. Niliyojifunza ni haya.

Kwanza, funga maji kwenye geti valvu iliyo karibu na dira ya maji, kisha fungua koki mbovu ili maji yaliyobaki kwenye bomba yatoke.

Pili, kabla ya kufungua chochote uwe umekwisha kuchunguza maji yanavujia wapi. Yakidondoka mdomoni ilhali koki imefungwa, aghalabu ubovu uko kwenye kipande cha mpira kilicho ndani, ambacho mafundi hukiita wosha. Yakitoka shingoni, chini ya kishikio, wakati koki imefunguliwa, nati ya shingo imelegea. Yakitoka pale koki inapoungana na bomba, tepu nyeupe ya kwenye nyuzi imechakaa.

Tatu, kwa ubovu wa mdomoni, shika mwili wa koki kwa spana moja ili bomba lisipasuke, na kwa spana nyingine ufungue kichwa cha koki. Utaukuta mpira umeliwa au umekakamaa. Nenda nao dukani ili upate wa kipimo kilekile. Kabla ya kuurudishia mpya, pangusa mahali unapokalia, kwa kuwa maji ya visima vya ukanda huu mara nyingi yana chumvi, na chembe moja ya mchanga au chumvi yatosha kuleta mvujo upya.

Nne, nati ya shingo ikazwe kidogo kidogo. Na kwenye maungio, ondoa tepu yote ya zamani, kisha zungusha mpya kwa kufuata upande ambao koki hukazwa. Ukiizungusha kinyume, itafumuka.

Tano, koki za siku hizi zenye mkono wa kugeuza robo mzunguko hazina mpira wa aina hiyo. Zikiharibika, kwa kawaida hubadilishwa koki nzima.

Kuna jambo ambalo sharti tuwafunze watoto wetu: koki haifungwi kwa nguvu za mabega. Kila anayeikaza hadi mishipa ikamtoka huukata mpira ule, na kesho yake huongeza nguvu zaidi.

Baada ya matengenezo, funga koki zote wakati wa kulala, andika tarakimu za dira, kisha uzisome tena alfajiri. Zikiwa zimesogea na hakuna aliyetumia maji, upo mvujo uliojificha ardhini au chooni. Hapo mwite fundi. Na mvujo ulio kwenye dira yenyewe au kabla yake uripotiwe kwa mamlaka ya maji, wala usiuguse.

Huenda mtu akauliza: je, maji yaliyokingwa chini ya koki inayovuja yafaa kwa udhu? Yanafaa, maadamu chombo ni safi na hayakuingiwa na najisi. Basi yasimwagwe, ila yasiwe sababu ya kuchelewesha matengenezo. Beseni langu ndilo lililonifanya nistarehe na ubovu kwa muda mrefu.

Koki ya nyumbani ilichukua chini ya saa moja. Ile ya msikiti tuliitengeneza Jumamosi, pamoja na vijana wawili wa madrasa, na mpira tulioununua ulikuwa wa bei ndogo mno ukilinganisha na ankara ile. Ijumaa iliyofuata nilisimama tena mbele ya jamaa. Niliwaeleza kwamba sehemu ya fedha tulizowaomba ilikuwa ikienda ardhini kwa uzembe wetu sisi wenye dhamana, na nikawaomba radhi. Kisha kamati ikakubaliana kuwa katibu hatasimama kuomba mchango wa maji kabla ya kukagua kila koki.

Sadaka ya mja ni amana kwa anayeipokea, hata ikiwa shilingi mia tano. Usiku wa leo, ndugu yangu, kabla ya kulala, toka uani usikilize.

Wabillahi tawfiq.