Ulimi Unapokutana na Mgeni

Chungu cha sombe, mboga ya majani ya muhogo, kikichemka Kabambare, mashariki mwa Kongo, kinachomfikia mgeni kwanza ni harufu. Ndivyo inavyopaswa kuwa, maana ulimi peke yake hautambui mengi: utamu, uchungu, uchachu, chumvi, na ladha ya tano ambayo mkemia Mjapani Kikunae Ikeda aliibainisha mwaka 1908 alipochunguza mchuzi wa mwani, akaiita umami. Mengine yote, moshi wa samaki na ubichi wa majani, hupanda puani kupitia nyuma ya koo tunapotafuna. Ziba pua, tafuna tonge la sombe: utaambulia chumvi na uchungu kidogo. Achia pua, chungu kizima kitarudi.

Majani mabichi ya muhogo yana sianidi iliyofungwa. Kinu huyapasua, kimeng'enya kilichomo ndani yake huifungua sumu hiyo, na moto wa muda mrefu huifukuza. Ndipo huja mawese, mekundu kwa karotini, ambayo pia hubeba harufu nyingi zisizoyeyuka majini. Halafu hutiwa ndakala, dagaa wakavu wa Ziwa Tanganyika, na hapa ndipo penye ufundi. Mwaka 1913, Shintaro Kodama, mwanafunzi wa Ikeda, aligundua kuwa ladha ya samaki mkavu inatokana na inosineti. Kitu hicho kikikutana na glutamati, kama ile ya mwani wa Ikeda au ya nyanya, ladha ya tano haijumlishwi tu, bali huzidishwa. Wapishi wa Japani huweka mwani na samaki mkavu katika mchuzi mmoja kwa sababu hiyohiyo. Mama wa Kabambare anayetupia konzi ya ndakala kwenye sombe yenye nyanya anafanya kemia ileile, na hakuna anayemtoza mteja bei ya hoteli ya kifahari kwa ajili ya kemia hiyo.

Lakini tusidanganyane kuhusu "chakula cha asili". Mchikichi ni wa hapa Afrika. Muhogo, mahindi, karanga na pilipili vilitoka bara la Amerika. Mpunga ulishamiri enzi za mfanyabiashara Tippu Tip na Waswahili wenzake. Daktari Mwingereza Sidney Hinde, aliyeingia mji wa Kasongo mwaka 1893 na jeshi la ofisa Mbelgiji Dhanis, alieleza mashamba makubwa ya mpunga, miwa na matunda kuuzunguka mji. Sahani ya wali na sombe, ambayo leo haimshangazi mtu Kasongo, iliwahi kuwa kioja.

Vipi wadudu wanaoliwa huku, basi, ambao kwa mgeni wengi bado ni kioja? Funza wa mchikichi aliyekaangwa ana mafuta mengi na ladha inayokaribia karanga. Kiwavi mkavu huleta moshi na utafunaji wa nyama. Shirika la FAO lilikadiria mwaka 2013 kuwa watu wapatao bilioni mbili hula wadudu, na Umoja wa Ulaya uliruhusu buu wa unga aliyekaushwa mwaka 2021 tu. Binafsi sipendi mgeni anayemla kiwavi huku akijipigia makofi kwa ujasiri: aliyeshughulika na ushujaa wake hana nafasi ya kuonja. Kilicho kigeni huingia vizuri kikishikwa mkono na tunachokijua, kiwavi ndani ya mchuzi wa karanga, kwa mfano.

Pilipili ina mambo yake, kwani si ladha bali ni maumivu. Kapsaisini huamsha kipokezi cha neva kinachohisi joto kali, ambacho David Julius na wenzake walikitambua mwaka 1997. Kazi hiyo ilimpatia Julius Nobeli mwaka 2021. Mwili hupiga mayowe ya moto, akili inajua hakuna moto, na mwanasaikolojia Paul Rozin anaamini raha inatokana na tofauti hiyo.

Kwa hiyo ukiandaliwa Kasongo, onja sombe kwanza, kiwavi baadaye, pilipili mwisho. Ikikuzidi, usikimbilie maji: kapsaisini huyeyuka kwenye mafuta, na tonge la wali lililochovywa kwenye mawese litakusaidia zaidi kuliko glasi nzima ya maji.