Zabibu za Dodoma na Swali la Ndugu wa Kate

Ndugu zetu wa Kate, katika Wilaya ya Nkansi, wametuuliza jambo ambalo kwa mtu asiyetafakari laweza kuonekana dogo. Wamesikia habari za zabibu za Dodoma, jinsi mkulima awezavyo kuvuna mara mbili kwa mwaka, nao wauliza: je, uwanda wa Ufipa, wenye mvua nyingi na majani mengi kuliko Ugogo, hauwezi kupandwa mizabibu ukaipita Dodoma? Swali hili lastahili jibu lisilo la pupa. Mzabibu si zao la msimu mmoja. Ukishapandwa, mkulima hukaa nao miaka mingi, pawe mahali pazuri au pabaya, na fedha aliyoizika katika nguzo na waya hairudi kwa kuomba.

Tuanze na hayo maneno "mvua nyingi". Sisi tuliokulia katika kilimo cha jembe tumezoea kudhani ya kwamba ardhi inayostawisha mahindi hustawisha kila kitu. Kwa mzabibu sivyo. Mzabibu ukipewa maji tele na udongo mnono hufurahi mno, ukaota majani na matawi, na tunda likasahauliwa. Zabibu zake huwa kubwa, zimejaa maji, zimefunikwa na kivuli, na ukungu huzishambulia upesi. Divai itokayo humo huwa nyepesi, haina rangi wala nguvu. Lakini mzabibu ukionja kiu kidogo, si kiu ya kuua, huacha kurefusha matawi, ukazitunza zabibu zake. Tunda huwa dogo. Na kwa kuwa rangi na ule ukali unaokaza ulimi hukaa katika ganda, tunda dogo lenye ganda nyingi kuliko maji hutoa divai yenye mwili.

Basi itazame Dodoma. Iko yapata meta 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mvua yake kwa mwaka ni kama milimita 550 hadi 600, nayo hunyesha katika msimu mmoja, tangu Desemba hata Aprili. Baada ya hapo ni kiangazi kikavu. Udongo wa mashamba mengi ya zabibu ya huko ni mwekundu wenye mchanga, usiokalisha maji mizizini. Kwa mahindi nchi ile ni nchi ya mashaka, na njaa za Ugogo twazijua tangu enzi za babu zetu. Kwa mzabibu, umaskini uo huo ni utajiri.

Wamisionari wa Kikatoliki walipopanda mizabibu katika nchi ile, haja yao ilikuwa divai ya altare, maana sheria ya Kanisa haikubali Misa kwa kinywaji kingine ila divai ya zabibu. Kilimo hicho baadaye kilitoka misioni kikaingia kwa wananchi, na utafiti ukawekwa Makutupora, ambako kituo chake leo ni cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania. Jina la Makutupora limepewa hata aina moja ya zabibu nyekundu.

Liko jambo jingine ambalo wageni wengi hawalielewi. Katika nchi za Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi, ukaamka majira ya joto, ukazaa mara moja. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza. Anayeulaza na kuuamsha ni mkulima, kwa mkasi wa kupogolea. Siku anayopogoa ndiyo inayoamua siku ya kuvuna. Kwa hiyo mavuno huwa mawili, na yale yanayoiva wakati wa kiangazi ndiyo yenye sukari nzuri na maradhi machache. Mtu wa Makutupora anapouliza tarehe ya kupogoa, anauliza juu ya ladha ya divai.

Wafaransa wamelichunguza jambo hili muda mrefu kuliko wengine. Huko Chablis mizabibu husimama juu ya chokaa iliyojaa maganda ya chaza wa bahari ya kale. Huko Médoc husimama juu ya changarawe. Wanywaji wengi husema ya kwamba waonja jiwe lenyewe ndani ya bilauri. Sisi hatulikubali neno hilo, na wataalamu wengi wa leo hawalikubali. Gérard Seguin wa Bordeaux, katika karne ya 20, alionyesha ya kwamba siri kubwa ya changarawe ile ni jinsi inavyopitisha maji na kuyagawia mizizi kwa kiasi. Mawe hayaingii katika divai. Kazi yake ni kuupimia mzabibu maji na joto.

Tusidhani kuwa haya ni mambo ya Wazungu tu. Nani katika nchi hii asiyejua mchele wa Kyela? Na nani asiyejua ya kwamba mchele wa mahali pengine huuzwa sokoni kwa jina la Kyela, ili mfanyabiashara ale faida ya udongo asioulima? Wafaransa waliliona hilo, na mwaka 1935 wakaweka sheria ya kulinda majina ya mahali katika divai. Kwetu, sheria ya ushuru imekuwa ikiipunguzia mzigo divai yenye zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za nchini. Hilo ni jema, lakini halitoshi. Mkulima wa Hombolo hulipwa kwa kilo. Mizani haijui kama zabibu zake zimetoka kwenye mchanga wa mteremko au bondeni penye maji, na ipo miaka ambayo zabibu zimeoza kwa kukosa mnunuzi. Maadamu mizani ndiyo hakimu peke yake, mkulima mwenye akili atamwagilia maji mengi kabla ya kuvuna, na hatuwezi kumlaumu.

Sasa twende Ufipa. Joto hupungua kwa zaidi kidogo ya nusu digrii kila upandapo meta 100, na sehemu kubwa ya uwanda imepita meta 1,500. Usiku wa Ufipa, basi, ni wa baridi kuliko wa Dodoma, na baridi ya usiku huhifadhi ule uchachu unaoipa divai uchangamfu. Urefu wa nchi peke yake si kizuizi: Wahabeshi wamepanda karibu na Ziwa Ziway, kama meta 1,600, na Wakenya karibu na Ziwa Naivasha, juu zaidi ya hapo. Lakini nchi hizo ni kavu. Ufipa mvua ni kubwa, na mvua kubwa ya miaka mingi huosha chokaa ya udongo, ukabaki na uchachu usiopendwa na mizizi ya mzabibu.

Wazee wa Kifipa walilijua tatizo hilo bila maabara. Ndiyo maana walibuni vile vichuguu vya mviringo, intumba: hukata majani pamoja na udongo mvua zikiwa zingalipo, wakayafukia ndani yaoze, kisha msimu unaofuata hutawanya mbolea hiyo na kupanda ulezi. Hekima hii ni kubwa, na waitunze. Lakini ni hekima ya kunenepesha ardhi, na mzabibu hautaki kunenepeshewa.

Rai yetu kwa ndugu wa Kate ni hii. Wasing'oe ulezi wala maharage. Kama wapenda kujaribu, wachague mteremko unaokausha maji, si bondeni, waupime udongo na kuutia chokaa ikihitajika. Wapande mistari michache tu, kwa miche ya Makutupora, wakipogoa mwisho wa mvua ili tunda liive katika ukavu wa kiangazi. Waandike tarehe za kupogoa na kuvuna kwa miaka mitatu au minne. Na kabla ya kuongeza hata mstari mmoja wapate neno la mnunuzi kwa maandishi, maana zabibu iliyochumwa hukaa siku chache tu, na kutoka Kate hata Dodoma ni mbali.